Waliohamia Juani

Muuza soksi alibakiwa na jicho moja tu linalofunguka, na kwa jicho hilo alimtazama Inspekta kama mtu aliyekwisha kukata tamaa ya kuaminiwa. Jingine lilikuwa limevimba na kuziba. Watu waliomkamata jana barabarani hawakumpiga kwa mzaha. Shati lilichanika mabegani, mdomo ulipasuka, na mguu wa kushoto aliunyoosha pembeni ya kiti kwa sababu ulikuwa haukunjiki.

Mtaani wanamwita Soksi, na hata askari waliompokea kituoni walimwita hivyo hivyo. Mezani, kati yake na Inspekta, kulikuwa na simu ndani ya mfuko wa nailoni. Ilikuwa simu ya mgeni, mwalimu mstaafu aliyekuja na mdogo wake kutoka mbali kutembelea jiji hili la bandari. Jana asubuhi mdogo mtu alibaki nyumba ya wageni kwa sababu miguu ilimvimba safarini. Mwalimu akatoka peke yake kwenda kutazama meli, na mpaka sasa hajarudi. Dawa zake za kisukari zilibaki nyumba ya wageni.

"Afande, huyu anatupotezea muda," alisema Koplo aliyeegemea mlango kwa mwili wake wote, na mwili haukuwa haba. "Amekutwa na simu mkononi, anamkimbiza mama wa watu. Wenzake walikuwa na gari wakambeba. Tumbane aseme walikompeleka."

Huo ndio ulikuwa msimamo wa kituo kizima. Mkuu alitaka Soksi ashtakiwe kwa utekaji jioni hiyo hiyo, na usiku kucha askari walipekua fukwe na magesti wakitafuta gari ambalo hakuna aliyeliona. Inspekta aliwaacha waende. Yeye ni mwanamke wa maneno machache, na ana tabia moja inayowachosha wenzake: humrudisha mtu mwanzo wa hadithi yake mpaka hadithi isimame wima au ianguke yenyewe.

"Hebu anza tena," alisema. "Aliiangusha wapi?"

"Mbele ya lile duka la kamba za meli, afande. Alikuwa anaweka miwani kwenye mkoba, simu ikateleza, ikaangukia kwenye soksi zangu. Hata haikutoa mlio. Nikamwita, mama, simu yako. Hakugeuka. Nikaita tena, ndiyo kwanza akakaza mwendo."

"Halafu?"

"Simu ikaita. Nikapokea."

Koplo akaguna. Inspekta akainua kidole kimoja na Koplo akanyamaza.

"Ukasema nini?"

"Nikasema, haloo, mwenye simu ameiangusha, iko hapa kwangu. Sikumaliza. Wakakata. Nikaona bora nimfuate mwenyewe, nikakimbia. Naye akakimbia. Basi hapo tena. Mwanamume ameshika simu ya kike, mama yuko mbele anakimbia. Ungekuwa wewe umekaa pale unauza ndizi, ungepiga kelele gani?"

"Ningeita mwizi."

"Ndivyo walivyoita."

"Na yeye alielekea wapi?"

Soksi alifikiri. Inspekta aliona kwamba anafikiri kweli, hatungi.

"Nilikuwa chini, afande. Nilikuwa naona viatu tu."

Inspekta akainuka. Mtu aliyeiba simu huizima, au huitupa, au huiuza kabla jasho halijamkauka. Hasimami barabarani kuipokea na kujieleza. Pia kulikuwa na jambo jingine lililomkera tangu asubuhi, na sasa lilijipanga vizuri kichwani. Mtaa mzima ulimzunguka Soksi kumpiga. Kila jicho lilikuwa kwake. Kwa hiyo wale wote walioapa kwamba walimwona mama akikimbilia barabara kuu hawakuwa wameona chochote.

Mdogo mtu alikuwa chumba cha pili, mwanamke wa makamo aliyejifunga kitambaa kichwani kama aliyejiandaa kwa msiba na bado anakataa kuuita kwa jina. Kopo la dawa alilipakata mapajani.

"Pole, dada yangu," Inspekta alisema, akakaa karibu naye. "Jana ulimpigia dada yako. Nani alipokea?"

"Mwanamume."

"Alisema nini?"

"Kitu kuhusu simu kuanguka, sikumsikiliza. Nilikata." Alilizungusha kopo mapajani. "Halafu nikaifungia ile namba isiweze kunipigia. Tuliambiwa tufanye hivyo. Tuliambiwa ukipiga simu ya mwenzako ikapokelewa na mwanamume, kata, wanataka pesa. Ukiongea nao wanakuchota akili."

"Nani aliwaambia?"

Mdogo mtu alimwonyesha kwa kidevu Koplo, aliyekuwa amemfuata Inspekta mpaka mlangoni. "Huyu hapa. Alipanda kwenye basi letu tulipoingia mjini. Alisema maneno mazuri. Dada yangu alimsifu, alisema yule askari angefaa kuwa mwalimu."

Koplo alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likamfia usoni. Kuwapa wageni mawaidha ya usalama ndiyo kazi aliyoipenda kuliko zote. Kila basi la watalii lilimjua, na watu walimpigia makofi.

"Yaseme hayo maneno," alisema Inspekta.

"Afande, unayajua."

"Yaseme kama ulivyoyasema."

Koplo akakohoa. "Mkoba uvaliwe mbele. Ukiitwa barabarani, usigeuke. Mtu akikwambia umeangusha kitu, usisimame, huo ndio mchezo wao. Ukihisi unafuatwa, usikimbilie uchochoroni. Tafuta jengo lenye mlinzi, ingia, tulia humo mpaka hatari ipite."

Mdogo mtu alikuwa anaitikia kwa kichwa kila sentensi, kama mtu anayesikiliza dua anayoijua. Koplo alipofika mwisho kichwa kilisimama, akalitazama lile kopo, na machozi yakamtoka bila sauti.

"Kwa hiyo yule mtu alikuwa ananiambia simu imeangushwa," alisema. "Angeniambia hata alikoelekea. Nami nikamkatia."

Inspekta alimshika bega. Alimgeukia Koplo.

"Chukua mkoba wa huyu mama, uuvae."

"Mimi?"

"Leo wewe ni mgeni. Twende."

Mtaa wa maghala ulianzia kwenye duka la kamba na kuishia ukutani mwa bandari, ambako shingo za winchi zilionekana juu ya mapaa. Jua la mchana lilikuwa kali. Malori ya makontena yalipita kwa zamu, na kila moja lilipopita meza za wachuuzi zilitetemeka. Koplo alisimama palipokuwa na rundo la soksi, mkoba wa kike wenye maua ukiwa umemkaa juu ya kitambi. Wachuuzi walicheka. Mmoja alimuuliza kama amekuja na mume au ameolewa hapa hapa.

"Tembea," alisema Inspekta nyuma yake. "Usinisikilize mimi. Sikiliza unachowafundisha wageni."

Koplo akaanza kutembea. Inspekta alimwacha atangulie kidogo, kisha akaita, "Mama. Simu yako."

Shingo ya Koplo ilikakamaa. Hakugeuka.

"Mama, simu yako, umeangusha."

Koplo akakaza mwendo, mikono miwili juu ya mkoba, macho mbele. Kicheko cha wachuuzi kikapungua, kisha kikakoma kabisa. Jana walimwona mwanamke akipita hivyo hivyo, shingo ngumu vile vile, na sasa ilikuwa kama mwili umebadilika lakini mwendo ni uleule. Inspekta aliona jinsi lilivyo jambo la kuogofya, kumwita mtu kwa wema na kumwona akikukimbia.

"Nakufuata," alisema, akianza kukimbia. "Nakukaribia. Unaingia wapi?"

Koplo alikimbia, akaruka mtaro, akatazama kulia na kushoto. Geti la kwanza lilikuwa na kufuli yenye kutu. La pili lilizibwa kwa matofali. Lililofuata lilikuwa jengo kuukuu la ghorofa moja, lililokuwa ofisi ya wakala wa meli, madirisha yake ya chini yamefunikwa kwa mabati na mlango mkubwa wa mbao umefungwa kwa kufuli mpya. Koplo alisimama mbele yake, anahema.

"Hakuna mlinzi mtaa huu," alisema. "Hakuna pa kuingilia, afande. Basi alikwenda barabara kuu kama walivyosema. Na barabara kuu ndiko magari yaliko."

Ilikuwa kweli. Inspekta alipangusa uso kwa kiganja na kusogea ukutani apoe. Pale ndipo alipogundua kwamba wako kivulini, yeye na Koplo peke yao. Jengo lile kuukuu lilitupa kivuli kipana, kizuri, urefu wote wa kibaraza, na kibaraza kilikuwa kitupu. Ng'ambo ya barabara, juani, watu walibanana. Fundi viatu alijifunika boksi kichwani. Muuza maji alikuwa ameroa jasho mpaka kiunoni. Mama wa ndizi alizifunika ndizi zake kwa khanga ya mwilini zisiive kabla ya wakati. Hakuna aliyekuwa anauza zaidi kwa kukaa kule.

Akatazama chini. Kwenye sakafu ya kibaraza, kandokando ya mlango, kulikuwa na vishimo vinne vilivyochimbwa na miguu ya kiti kwa miaka mingi. Juu yake, ukutani, msumari mnene wa kutundikia nguo.

Alivuka barabara.

"Fundi, kivuli kizima kile mmemwachia nani?"

Fundi viatu aliinamia kiatu. "Leo tumependa huku tu, afande."

"Na jana?"

Fundi akaongeza gundi mahali palipokwisha kupakwa gundi. Nyuma yake, kwenye kiti cha chuma, alikaa mzee mwenye koti la buluu lililopauka, funguo kiunoni. Alikuwa ameelekeza uso mlangoni mwa lile jengo na hakuutoa hata Inspekta aliposimama mbele yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Wewe ndiye mlinzi wa pale."

"Ndiye mimi."

"Mbona unalilinda kutoka huku?"

"Mlango nauona."

"Kiti chako kimechimba saruji kule kwa kukaa. Umehama lini?"

Mzee alikunja midomo. "Jana mchana."

"Kwa nini?"

"Wewe ni mtoto wa hapa?"

"Nimezaliwa mtaa wa nyuma."

"Basi unajua," alisema mzee.

Inspekta alijua. Walikua wakiogopeshwa nalo. Zamani, wakala alipofunga ofisi kwa sikukuu, karani mmoja wa kike alibaki ndani na hakuna aliyemkumbuka. Alibisha siku zote za sikukuu. Waliofungua ofisi walimkuta amelala nyuma ya mlango, kucha zimekatika. Tangu hapo, wakubwa waliwaambia watoto, ukisikia mtu anabisha mle ndani, usijibu, usisimame, pita zako. Yeye mwenyewe, mpaka leo, na cheo chake begani, hupitia upande wa pili.

"Limebisha?" aliuliza, na sauti yake ilitoka ndogo kuliko alivyokusudia.

"Limebisha, mwanangu. Si mimi tu, hawa wote wamelisikia." Mzee aliongea polepole, kama anayetoa taarifa ya ugonjwa. "Mchana nikienda kula huwa nauacha mlango wazi, jengo lipate hewa, maana linanuka. Kiti naacha pale, koti natundika. Mtu akiona koti anajua mlinzi yupo. Jana nikiwa nakula nikasikia watu wanapiga mwizi huku, nikarudi haraka, nikafunga nisije nikaibiwa. Sijakaa hata vizuri, likaanza. Kwanza mkono. Halafu sauti, ya mwanamke, vilevile wanavyosema. Jana mchana, jana usiku. Alfajiri likanyamaza."

"Lilinyamaza lenyewe?"

Mzee aliitazama mikono yake. "Lilinyamaza."

Koplo alikuwa amefika nyuma ya Inspekta. Alisikia kuhusu kiti na koti, na Inspekta hakuhitaji kumtafsiria.

"Askari walipita hapa jana," Inspekta alisema. "Walikuulizeni habari za mwanamke aliyepotea."

"Waliuliza kama nimeona mwanamke. Mimi sikuona mwanamke."

"Nipe funguo, mzee."

"Mwanangu, ukilifungulia linatoka na wewe. Linakwenda nawe mpaka nyumbani."

"Funguo."

Inspekta alizichomoa mwenyewe kiunoni mwa mzee, ambaye hakuinua mkono. Alipovuka barabara alisikia vitu vikikusanywa nyuma yake, boksi, beseni, nyundo ya fundi. Walikuwa wanaondoka. Malori mawili yalipita yakipiga honi, kisha mtaa ukawa kimya kiasi kwamba alisikia maji yakipiga ukuta wa bandari.

Aligonga mlango. "Mwalimu!"

Kimya.

"Mwalimu, mimi ni polisi. Mdogo wako anakusubiri kituoni. Itika."

Hakuna aliyeitika. Inspekta aliogopa, na kwa muda akasimama pale na ufunguo mkononi, hajui anachoogopa zaidi, kwamba kutakuwa na mtu humo au kwamba hakutakuwa na mtu. Ufunguo wa kwanza haukuingia. Wa pili uliingia. Kufuli ilipofunguka Koplo alisema kitu kwa sauti ya chini, na ilikuwa sala.

Mlango uliburuza vumbi. Ndani kulikuwa na ukumbi mtupu wenye harufu ya karatasi zilizolowa zikakauka. Ngazi za kwenda juu zilizibwa kwa geti la chuma. Upande wa ndani wa mlango, kwenye mbao, palikuwa na alama nyingi za viganja kwenye vumbi, zingine juu, zingine chini, za chini zikiwa zimefifia kama zilizowekwa na mtu aliyekwisha kupiga magoti.

Mwanamke alikaa kwenye ngazi ya kwanza, ameegemea geti. Alikuwa amekaa vizuri mno. Viatu vilipangwa pembeni, gauni limevutwa mpaka kwenye vifundo, mkoba mbele, mikono juu ya mkoba. Macho yalikuwa wazi na hayakupepesa mwanga ulipoingia. Midomo ilipasuka, nyeupe.

Koplo alibaki mlangoni. "Tumechelewa," alisema. "Kila neno nililomfundisha amelishika."

Inspekta alipiga magoti na kushika kifundo cha mkono. Kilikuwa cha baridi. Alitafuta, akakosa, akasogeza vidole, na ndipo mshipa ukampiga, mdogo, wa mbali, lakini ukampiga.

"Yuko hai. Ita gari la wagonjwa. Mdogo wake alete zile dawa, na maji, haraka. Na Soksi atolewe rumande sasa hivi, apelekwe hospitali na yeye. Mwambie mkuu nimesema mimi."

Koplo alishika redio kwa mikono miwili. Sauti iliyozoea kuchekesha mabasi ilikuwa inatetemeka, akarudia kila neno mara mbili ili lisikike.

Macho ya mwanamke yaligeuka. Yalimtazama Inspekta kwa muda mrefu, kwa utulivu ambao hakuupenda.

"Unaniona?" aliuliza. Sauti ilikuwa mkwaruzo tu.

"Nakuona, mama."

"Basi na wewe umekufa. Pole."

"Sijafa. Na wewe hujafa. Ni kiu na sukari, mama, utapona. Tazama, nimekushika mkono, unasikia?"

"Nimekuwa nikisikia vitu tangu jana. Nasikia watu nje, wanauziana ndizi, wanataniana. Nimewaita usiku kucha. Mtaa umejaa watu na hakuna hata mmoja aliyeniitikia. Mtu hai huitikiwa." Alipumzika, akapata pumzi nyingine. "Lakini sikukubali mpaka yule aliponiambia."

"Nani alikwambia nini?"

"Alfajiri. Mwanamume, hapo mlangoni. Ana sauti ya upole sana. Alisema, pumzika mama, usijitese, wewe ulishakufa siku nyingi. Nikamwambia jina langu. Nikamwambia nimefundisha hesabu mpaka nikastaafu, nimekuja na mdogo wangu kuona bahari. Akasema, najua, mama, najua. Alikuwa analia. Nikaona mtu hawezi kumlilia mtu asiyemjua kwa uongo. Ndiyo nikaja kukaa hapa, nikavua viatu."

Inspekta aligeuka. Mlinzi alikuwa amevuka barabara. Alisimama kizingitini, juani, mguu mmoja ndani na mmoja nje, akimtazama mwanamke aliyekaa kwenye ngazi, na mashavu yake yalikuwa yamelowa. Mwanamke alimtazama pia, bila hasira, kama anayesubiri athibitishe.

"Nilidhani hajui, mwanangu," mzee alimwambia Inspekta. "Nikaona, nisipomwambia mimi, nani atamwambia?"